Bastola ya Kupigia Picha

Mwanamke alikuwa kasimama kwenye lango la kituo cha polisi, mjini Maskati, tangu alfajiri. Alivaa aproni ya saluni juu ya gauni la kulalia, na miguuni kandambili moja ya bluu na nyingine nyekundu. Watu wa zamu walikuwa wamemwambia arudi alasiri. Yeye akawaitikia vizuri tu, akabaki palepale.

Mulazim Kheiria binti Amur, luteni wa polisi, alipoteremka kwenye gari yake, mwanamke akamfuata.

"Wewe ndiyo afisa wa kesi ya Benedict?"

"Ndiye miye. Na weye nani?"

"Stefania. Mke wake. Mama, mume wangu sio mwizi. Ni fundi magari, yuko gereji kule mtaa wa Ghala, waulize wote."

"Kila mwizi ana mke, na kila mke ananambia hivyo hivyo," alisema Kheiria. Alikuwa na miaka mingi katika kazi ya upelelezi na uso wa mtu anayekaribia kucheka, hata pale ambapo hapakuwa na la kuchekesha. "Lakini mwanamke anayekuja kudanganya polisi huwa anavaa viatu vya jozi moja kwanza. Jana mumeo alikwambia anakwenda wapi?"

"Anarudisha gari ya mteja, halafu anakuja tule. Patrol nyeupe, ya kijana mmoja wa Qurum."

"Kijana. Hakusema mzee?"

"Kijana."

"Basi kaa ndani kwenye feni. Akikufukuza mtu, mwambie nimekuweka mimi."

Faili lilikuwa mezani kwake, jembamba, limeshafungwa kamba kama mzigo wa safari. Maelezo ya Sheikh Hamdan, mfanyabiashara mwenye maduka Ruwi na jina linalofungua milango kabla mwenyewe hajafika, yalikuwa na ukurasa mmoja tu. Jana baada ya sala ya Isha alisikia kioo cha mlango wa jikoni kinavunjika. Akachukua bastola yake. Akamkuta mtu asiyemjua, ana bisibisi mkononi. Akamkamata ukosi kwa mkono wa kushoto, mwizi akamrukia shingoni, naye akafyatua mara moja kwa mkono wa kulia. Alikuwa akijikinga. Mwisho wa maelezo, sahihi, muhuri.

Mwizi mwenyewe, Benedict, alikuwa hospitali. Risasi ilimwingia chini ya mbavu. Wamempasua, wamemshona, bado hajazinduka, na kifundo cha mkono wake kimefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Mkubwa wa Kheiria alitaka faili lifike kwa waendesha mashitaka kabla ya adhuhuri, likiwa na makosa mawili: kuvunja nyumba na kumshambulia mwenye nyumba. Likifika hivyo, Benedict angefumbua macho akiwa mfungwa, na akimaliza kifungo angepandishwa ndege arudishwe kwao.

"Kesi imekwisha," mkubwa alikuwa amemwambia kwa simu.

"Imekwisha kweli, bwana mkubwa," Kheiria alijibu. "Nataka kuitia chumvi tu."

* * *

Sami, shawishi, yaani sajini, wa ghala la silaha, alikuwa ameiweka bastola juu ya kitambaa cheupe kama harusi inataka kuingia. Alikuwa ameshachukua alama za vidole na kuitoa risasi. Mtutu mrefu, mpini wa pembe, nakshi za maua ubavuni.

"Yarabi," Kheiria alisema. "Hii inapiga au inaimba?"

"Inapiga, afande. Lakini kwa masharti. Hii ni ya mtindo wa zamani, wa wale wachunga ng'ombe wa Amerika. Nyundo hii ya nyuma, lazima uivute kwa gumba mpaka inase. Ndiyo kifyatulio kifanye kazi. Kila risasi, uvute tena. Usipoivuta, minya kifyatulio mpaka magharibi, haitoi hata chafya."

"Kwa hivyo mwizi akinirukia shingoni, namwambia ngoja kwanza bwana, nivute nyundo?"

Sami alicheka. "Na ukimkosa, ngoja tena. Na risasi zikikwisha, unasukuma maganda moja moja kwa kijiti hiki, unatia mpya moja moja kwa kidirisha hiki hapa."

"Mwizi atakuwa keshakunywa chai, kaosha na kikombe."

"Usiidharau sana, afande. Haina mengi ya kuharibika. Mtu aliyeizoea, risasi yake ya kwanza inatoka upesi kama ya bastola yoyote. Ila lazima mkono uwe umefundwa. Kujikinga si kazi ya mkono mgeni. Mtu akiingiwa na hofu vidole vinakuwa vya mbao, anasahau hata kufungua mlango wa chumba chake mwenyewe. Sasa mpe na nyundo ya kukumbuka."

"Na asiyejua kitu, akataka silaha ya kulinda nyumba, ungemuuzia hii?"

"Huyo ningemuuzia mbwa."

Kheiria aliikamata bastola, akaipima uzito. Kibali kilikuwa kwa jina la Sheikh Hamdan. Mnunuzi, kwa mujibu wa karatasi za forodha, alikuwa mwanawe Khalid, aliyerudi nayo kutoka Arizona pamoja na shahada ya biashara. Hiyo haikuwa ajabu. Katika nyumba nyingi za Maskati kibali huandikwa jina la baba, kwa sababu baba ndiye mwenye jina.

"Mkono uliofundwa," alisema. "Haya, Sami, chukua kofia yako. Twende tukatazame mikono."

* * *

Patrol nyeupe ilikuwa uani, imeoshwa inang'aa. Kheiria hakubisha hodi mara moja. Alizunguka gari, akachungulia kioo cha upande wa dereva, akafungua mlango. Chini, pale dereva anapoweka miguu, kulitandikwa gazeti. Mafundi wa Ghala wote hufanya hivyo ili oili ya viatu isichafue zulia la mteja. Mwenye gari akishaipokea, jambo la kwanza ni kulitoa gazeti na kulitupa. Hili halijatupwa. Lilikuwa na alama moja nyeusi ya soli, nzima, na tarehe ya jana.

Alilipiga picha, akamwachia Sami alikunje.

Sheikh Hamdan aliwapokea majlisi, sebule ya wageni. Alikuwa mtu wa miaka sitini na kitu, mnene wa heshima, kanzu yake ya dishdasha imepigwa pasi mpaka inasimama yenyewe. Alizaliwa Malindi ya Unguja, kama Kheiria alivyozaliwa Vuga, na alimkaribisha kwa Kiswahili cha huko, kile cha kukutandikia mkeka na hapohapo kukuonesha pa kukaa.

"Karibu, binti Amur. Baba yako nnamkumbuka. Alikuwa na kiduka cha nazi."

"Alikuwa nacho, Sheikh. Nazi zenyewe nikizifua mimi."

"Ee! Na leo unavaa nyota. Nchi hii ina baraka." Alitabasamu, akakaa. "Sasa, hili jambo halikuwa na haja ya kukusumbua. Mimi nimeshasema. Hawa watu wa bara unawapa kazi, unawapa mshahara, kisha usiku wanakuja kuchukua nyongeza."

"Ulikuwa unamjua?"

"Ntamjua wapi mimi mtu yule? Kwanza wote sura moja."

Kheiria alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la hekima kubwa. "Na gari ile uani, nzuri. Haijapata tabu?"

"Ya Khalid hiyo. Wiki nzima haijatoka. Kijana yupo katika matayarisho, akdi ya ndoa yake Alhamisi, inshallah."

Khalid mwenyewe aliingia na dele ya kahawa, kama inavyompasa kijana wa nyumba. Mrefu, mzuri wa uso, manukato yake yalitangulia mbele yake. Dele mkono wa kushoto, vikombe mkono wa kulia. Alimmiminia Kheiria kwanza.

"Tafadhali, khalti," alisema, kwa adabu ya kijana anayemwita mama yake mdogo.

Wakati akiinama, Kheiria alitazama gumba lake la kulia. Kwa ndani lilikuwa na sugu, nene, ya rangi ya manjano. Kijana aliyekulia katika nyumba yenye watumishi, asiyejua hata kapu la soko linashikwa wapi, alikuwa na sugu ya mtu anayepiga patasi.

Kisha Khalid akammiminia baba yake, na hapo Kheiria akasahau kunywa.

Sheikh Hamdan alikipokea kikombe kwa mkono wa kulia, kama apokeavyo kila mtu aliyelelewa. Lakini alikibana baina ya kidole cha shahada na cha kati. Gumba lilikaa wima kando, gumu, halijikunji, kama msumari uliosahauliwa ukutani. Kikombe kilitetemeka. Kahawa ikamwagika juu ya dishdasha nyeupe, na ilikuwa ya moto kwa sababu mzee alifumba macho. Mkono wa kushoto ulikuwa palepale pajani, mzima, hauna kazi. Haukunyanyuka. Mtu wa malezi yake angeunguza mapaja yote mawili kuliko kupokea kahawa kwa kushoto mbele ya mgeni.

"Pole, Sheikh. Kidole kimekuwaje?"

"Mlango wa gari, Ramadhani iliyopita. Umekatika mshipa. Daktari anasema ndiyo basi tena."

"Haujikunji kabisa?"

"Hata kufunga kifungo nafungiwa."

"Masikini." Kheiria alikunywa, akakitikisa kikombe chake kuonesha imetosha, akakirudisha kwa Khalid. "Basi tumalize upesi nikuache upumzike. Mwizi ulimkamata kwa mkono upi?"

"Nimeshaandika. Kushoto. Nilimkaba ukosi, sikumwachia mpaka alipoanguka."

"Hukumwachia hata kidogo?"

"Nimwachie anichome bisibisi?"

"Na bastola kulia. Mashallah, kwa umri wako. Sami, mpe Sheikh ile bastola, atuoneshe tu alivyosimama. Haina risasi, Sheikh, usiogope."

"Mimi niogope?" Alisimama. Aliishika bastola kwa vidole vinne, kushoto akakamata ukosi wa mwizi wa hewa, akakunja uso, akaminya.

Kimya.

Akaminya tena. Kifyatulio kilikataa. Akaitazama bastola, akaitikisa kidogo kama saa iliyosimama, akaminya kwa nguvu mpaka mishipa ya mkono ikatoka.

"Mmeiharibu," alisema. "Jana ilikuwa inafanya kazi. Nyinyi polisi mnachukua vitu vya watu vizima mnavirudisha vibovu."

"Hatukuiharibu, Sheikh. Ilikuwa mbovu tangu dukani." Kheiria alijiegemeza kwenye mto, akanyoosha miguu, sauti yake ikawa ya mtu anayepiga soga barazani. "Nilimwambia Sami hivyo hivyo asubuhi. Nikamwambia, tazama kidude hiki, kina maua ubavuni kama kabati la bibi harusi. Hii si silaha ya kujikinga. Hii ni bastola ya kupigia picha. Unavaa kofia, unasimama karibu na farasi wa watu, unatuma picha nyumbani waone unasoma."

Khalid, aliyekuwa mlangoni na dele yake, alikohoa.

"Aliyemuuzia mtu kitu hiki alimwona mshamba," Kheiria aliendelea. "Alisema mwenyewe moyoni, huyu Mwarabu hajui kitu, mpe ile iliyokaa dirishani inapigwa na jua. Walimpa chuma kibovu akalipa, akashukuru, akakibeba bahari nzima."

"Si mbovu," Khalid alisema.

"Khalid," baba yake alisema.

"Mwanangu, mbona hata baba yako imemshinda? Jana imempa risasi moja, leo imenuna. Silaha gani hiyo? Hata bunduki ya plastiki ya sikukuu inalia kila ukiiminya."

"Si mbovu, khalti! Hiyo ndiyo bastola bora duniani kwa mtu anayejua. Hizi nyingine zinakwama, zina spring, zina mambo. Hii haikwami. Baba hakuvuta—"

Uso wake ulipanda damu.

"Hakuvuta nini?" Kheiria aliuliza, akapiga mwayo. "Basi, haina haja. Sami, irudishe kwenye mfuko. Andika: mbovu."

Kuna watu unaweza kuwatukania ukoo wao wakacheka. Khalid hakuwa akijali ukoo, alikuwa akijali ile bastola. Aliiweka dele chini, akavuka zulia kwa hatua ndefu, akaichukua mkononi mwa baba yake.

"Nyundo," alisema. "Unaanza na nyundo."

Gumba lake lilipita juu ya chuma kama linapangusa vumbi. Ikasikika sauti ya meno ya chuma yakinasa, kisha nyundo ikaanguka, ta! Tena. Tena. Mkono haukuyumba. Halafu, kwa mazoea tu, akaizungusha bastola kwenye kidole cha shahada na kuichomeka kiunoni, mahali ambapo leo hapakuwa na mkoba wa kuipokea. Ilianguka kwenye zulia kwa kishindo.

Hakuna aliyeiokota.

"Umejifunzia wapi?" Kheiria aliuliza. Mwayo ulikuwa umekwisha.

"Nyamaza, Khalid," alisema Sheikh Hamdan.

"Yiti," alisema Khalid, taratibu, akitazama chini. "Ufukweni. Tunapanga chupa."

"Sheikh, kaa kitako." Kheiria alijinyoosha, akakaa sawa. "Gumba lako halijikunji. Mkono wako wa kushoto, kwa maneno yako na sahihi yako, ulikuwa shingoni mwa mtu. Bastola hii haitoki ila nyundo ivutwe. Uliivuta kwa nini, kwa meno? Na hukujua hata kama inavutwa. Gari ambayo wiki nzima haijatoka ina gazeti la fundi la jana chini ya usukani. Mtu usiyemjua ndiye aliyeileta mpaka mlangoni, akakupa funguo."

"Andika ni mimi," alisema Sheikh Hamdan. Sauti yake ilikuwa imepungua mwili. "Binti Amur. Mimi mzee. Nyumba yangu. Hakuna atakayeuliza. Mtoto ana akdi Alhamisi, watu wamealikwa mpaka Nizwa. Andika mimi."

"Nikiandika weye, basi yule aliyelala kule ni mwizi. Siwezi kuwa na mmoja bila ya mwenziwe."

"Atapata matibabu. Nitamlipia."

"Akitoka matibabu anaingia jela. Hiyo nayo utamlipia?"

Alimgeukia Khalid, akangoja. Ilikuwa nafasi ya kijana kusema neno moja la kiume mbele ya baba yake. Khalid alirekebisha kofia yake.

"Baba ameshasema ni yeye," alisema. "Sasa mimi niongeze nini?"

Sheikh Hamdan alimtazama mwanawe. Alimtazama kwa muda, kama mtu aliyenunua kitu kwa bei kubwa na sasa ndiyo anakifungua. Kisha akaketi pale chini, si kwenye mto, kwenye zulia.

"Mwambie," alisema. "Mwambie ulichonambia mimi."

Ikatoka vipande vipande. Fundi alileta gari uani baada ya Isha. Khalid alikuwa na bastola kiunoni, anafanya mazoezi mbele ya kioo cha gari. Akamwambia fundi simama pale, inua mikono. Fundi akacheka, akainua. Khalid akachomoa. Kidole kilikuwa kimeshaminya, nyundo ikamteleza gumbani kabla haijanasa.

"Ulikuwa mchezo, khalti. Wallahi, mchezo."

"Na risasi ndani?"

"Bila risasi uzito unakuwa si wenyewe."

Sami alisema neno kwa Kiarabu ambalo shawishi hapaswi kulisema majlisi.

"Nani alimbeba mpaka jikoni?" Kheiria aliuliza.

"Sote wawili," alisema mzee.

"Na kioo?"

"Mimi. Kwa bisibisi yake. Ilikuwa mfukoni mwake." Alijifuta uso. "Alikuwa ananitazama nilipoitoa. Alidhani natafuta kitambaa nimzibe damu."

Mzaha wote ulikuwa umemwishia Kheiria, na kwake hilo lilikuwa jambo la nadra. Alimpa Sami ishara. Sami akaiokota bastola kwa kitambaa, akaitia mfukoni, kisha akamshika Khalid mkono juu ya kiwiko, kwa adabu ile ile ambayo angemvushia kipofu barabara.

Mlangoni Khalid akageuka.

"Khalti. Hiyo bastola, kesi ikisha, nitarudishiwa?"

Sheikh Hamdan alifunika uso kwa mikono miwili, gumba moja likabaki nje.

Kheiria alitoka uani, jua la Qurum likampiga usoni. Adhuhuri ilikuwa bado. Alitoa simu yake ya mkononi, akampigia Bakhit, askari aliyekuwa akilinda hospitali.

"Bakhit, ule mkono ufungue."

"Faili limebadilika, afande?"

"Limebadilika jina. Fungua, mimi nangoja hapa hapa kwenye simu."

Alisikia viatu vya askari kwenye sakafu, ufunguo ukihangaika, chuma kikigonga chuma.

"Bakhit? Vipi huko?"

"Nishafungua."

"Kazinduka? Kasema lolote?"

"Hakusema kitu, afande. Mkono ulipoachiwa amegeuka ubavu mwenyewe, amelala usingizi."